Kidonge cha Siku ya Kanisa

Jumamosi, 3 Juni 1972
Mwanangu Nankondo kameza nusu kidonge cha kuzuia malaria. Kakunja uso, nikampa ndizi. Jumatatu tunashuka Same kupanda treni ya Tanga, kwa baba yake, kuli wa bandarini. Huku mlimani hatuna mbu. Kule tele. Mganga wa zahanati kasema: kila siku ya kanisa, mpaka majuma manne baada ya kurudi. Mtoto asizidishiwe.

Mama mkwe anakwenda pia. Sikumwalika.

Jumanne, 6 Juni. Tanga
Joto. Chandarua kina tundu, nimelishona. Mama mkwe kasema nashona kama watu wa Jumamosi. Mimi Msabato, yeye kanisa lake la Jumapili. Miaka minne niko kwake, hajanitaja jina. Simpendi.

Jumamosi, 10 Juni
Kidonge. Mtoto kalia. Mimi nimemeza changu.

Jumapili, 11 Juni
Mama mkwe kaenda kanisani na mwanangu, hakuniuliza. Wamerudi, mtoto katapika. Anajikuna mwili mzima. Bibi yake anasema ni samaki.

Jumatatu, 12 Juni
Nimehesabu vipande vya dawa vya Nankondo. Vilikuwa kumi, nimempa viwili. Vimebaki sita. Mwanamke huyu anavitupa. Anataka mtoto augue, iwe sijui kulea. Nimemwambia mume wangu. Kavaa viatu, kaenda kazini.

Cha juzi mtoto atakuwa amekitapika jana. Nimempa kingine. Chupa naifunga kwenye kanga yangu.

Jumatano, 14 Juni. Hospitali
Jana Nankondo alilegea mikononi mwangu. Macho hayanioni. Nesi kauliza nani kampa dawa, lini. Mimi, Jumamosi. Mama mkwe, Jumapili, na ile ya nyuma pia, ndani ya uji. Mimi tena, Jumatatu.

Nesi akasema, "Nyie wa milimani, mtoto mmoja mnamgawana makanisa mawili?"

Mama mkwe hakuvitupa. Alidhani mimi sitoi, maana Jumapili hajaniona nikitoa. Alizika mtoto wake kwa homa ya huku chini. Hilo nimelisikia leo. Nilitaka kumchukia, nikashindwa kupata mahali pa kuanzia. Kidonge cha tatu, cha Jumatatu, ni changu.

Leo mtoto kaomba maji.

Jumatano, 28 Juni. Nyumbani
Baridi, ukungu mpaka mlangoni. Daktari kasema tuendelee, siku moja tu kwa juma. Tumechagua Jumatano, haina kanisa la mtu. Mimi nilimshika Nankondo, mama mkwe akashika kijiko. Akaniambia, "Nakijwa, mfute mdomo."

Nikamfuta.