Kilatini Kimeingia Uwanjani

Morogoro,
9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Mwangaluka baba. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama pia, na goti lake liwe limeacha kumsumbua. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na chapati za hapa zimeanza kuonekana mashavuni. Nimeamua kuandika kwa sababu ukipokea simu unaniuliza kama nimekula, halafu unakata.

Baba, nina furaha mpaka nashindwa kutulia. Mwaka wa kwanza Kilatini kilikuwa cha kukariri tu. Muhula huu ndiyo tumeingia ndani yake. Sentensi moja inajaza nusu ukurasa na kitenzi kimekaa mwisho kabisa. Unawashika watu wote wa kwenye sentensi mkononi, hujui kama wanapigana au wanaoana, mpaka ufike mwisho. Juzi nilihangaika na sentensi moja asubuhi nzima. Ilipofunguka nilipiga meza kwa kelele, na mama wa maktaba akanitoa nje.

Tunatafsiri hotuba ya wakili mmoja wa Roma ya kale. Anamshtaki gavana aliyewapunja wakulima wa ngano. Mwalimu wetu, Dakta Januarius, anasema kazi yetu ni kumfanya wakili huyo asimame hapa hapa na watu wamwamini, na kwamba kama Kiswahili chetu kinanuka kamusi basi tumeshindwa. Napenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Ila kuna jambo. Kitivo kimetangaza kwamba Kilatini cha mwaka wa tatu kitafundishwa kama tu wanafunzi watafika kumi ifikapo mwisho wa Mei. Sisi tuko wanne. Tusipofika, darasa linafungwa na mimi nahamishiwa somo lingine. Baba, sitaki kuhamishwa. Niombee, na umwambie shangazi Kabula aniombee.

Mwanao,
Evalina


Nkoma,
23 Machi 2025

Ng'wana wane Evalina,

Salamu nyingi kutoka kwa wote wa hapa nyumbani. Mama yako anatembea vizuri. Mvua ni ya kuridhisha, pamba imefika kiunoni na tumeshapiga dawa ya wadudu. Nimefurahi kusikia unanenepa.

Sasa nikwambie ukweli wangu. Hapa Nkoma nikisema binti yangu anasoma Kilatini, watu wanacheka. Boniventura, tunayekaa naye benchi moja kanisani, ananiuliza kila Jumapili kama utaanza kusoma misa mwaka huu au mwakani. Mimi mwenyewe Kilatini nakijua kwa babu yako tu, alikuwa anakiimba kanisani machozi yanamtoka na haelewi hata neno moja. Kwa hiyo wakifunga darasa, wala usilie. Hamia ualimu. Mwalimu anapata kazi hata hapa Itilima.

Lakini hilo la wakulima kupunjwa limenishangaza. Kumbe mambo hayo ni ya zamani hivyo? Nilimsomea mama yako, akauliza, huyo gavana alikamatwa? Utujibu.

Na jambo lingine. Unasema mnatafuta watu. Mnawatafutaje? Kama mmebandika karatasi ukutani, mmekwisha. Wewe ulikuwa mdogo nilipoacha kuongoza ngoma, lakini umesikia. Kundi la Bagalu upande huu, kundi la Bagika upande ule, uwanja mmoja, saa ile ile, wote wanaimba kwa pamoja. Hakuna jaji. Watu wanahama kwa miguu yao kwenda kwa anayewapendeza, na mwenye watu wengi jioni ndiye mshindi. Mimi nilikuwa ningi, mtunzi na mwimbaji wa mbele, na hakuna mtu aliyewahi kunifuata kwa sababu ya tangazo.

Nasema tu. Ualimu ni mzuri.

Baba yako,
Masunga


Morogoro,
6 Aprili 2025

Baba yangu,

Hamjambo huko? Mimi ni mzima kupita kiasi. Mwambie mama gavana alikimbia kabla kesi haijaisha. Najua atasonya.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye foleni ya chakula, nikaiacha foleni, nikakimbia hadi ofisini kwa Dakta Januarius. Huyu ni mtu anayevaa koti hata jua likiwa kali, na sijawahi kumwona akicheka. Nikamsomea kipande chako cha Bagalu na Bagika. Akavua miwani, akasema, "Mwandikie baba yako kwamba tumekubali."

Tunafanya hivi. Tumegawanyika wawili wawili. Mimi na Kristofa upande mmoja, Elizabeth na mwenzake upande wa pili. Hotuba ni ile ile, kila upande na tafsiri yake. Tutasimama kwenye nyasi mbele ya bwalo mchana wa tarehe kumi na tano Mei, na tutaanza kwa pamoja. Watu watahama kwa miguu yao. Atakayependa ataandika jina pale pale.

Tangu hapo silali vizuri kwa raha. Tunatafsiri, tunafuta, tunagombana. Kristofa anataka kila neno la Kilatini liwe na ndugu yake kwenye Kiswahili. Mimi nataka mkulima alie kama anavyolia mkulima. Jana tulinuniana kwa ajili ya neno moja, leo tumepatana na neno tumelitupa.

Sasa niambie, ningi. Nifanyeje ili watu wahame?

Mwanao,
Evalina


Nkoma,
22 Aprili 2025

Evalina, mayu,

Pasaka imetufikia salama, tumekula wali na kuku mmoja mzee. Wote wazima. Pamba inatoa vitumba vizuri.

Ualimu tuuache kwanza. Sikiliza.

La kwanza, usishike karatasi. Mtu anayesoma anajiimbia mwenyewe. La pili, usianzie mbele. Anzia katikati ya watu, wakutafute sauti inatoka wapi. La tatu, na hili ndilo kubwa, mtukane mpinzani. Chagua mtu mmoja mkubwa upande wa pili, anayejulikana, umtaje waziwazi kwa kitu ambacho kila mtu amekiona na hakuna aliyethubutu kukisema. Watu watakuja mbio kusikia utasema nini tena. Mimi nilimwimba mtemi mzima kwa ajili ya masikio yake.

Nimemsomea Boniventura barua yako. Hakucheka. Aliuliza ni lini.

Shangazi yako Kabula amesikia neno mashindano, basi amefunga kitu ndani ya mfuko wa karanga unaokuja na basi. Ni dawa ya kuvuta watu, uifukie pale utakaposimama. Mimi ni mzee wa kanisa, sijakiona kitu hicho na wala sijui kimo.

Baba yako,
Masunga


Morogoro,
18 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Roho iko juu na chini, nitakueleza.

Dawa ya shangazi haikufika uwanjani. Mwenzangu wa chumbani alidhani ni kiungo, akaiweka kwenye maharage. Usimwambie. Mwenzangu naye anapata wageni wengi siku hizi.

Siku yenyewe Elizabeth alikuja na spika ya kuazima. Tulipoanza, sauti yake ilifunika uwanja wote na watu wakaenda kwake. Kristofa alikuwa anahutubia mti. Mimi nilikuwa nimejificha katikati ya wanafunzi waliokuwa na sahani, kama ulivyosema, na nikaanza kulia kilio cha yule mkulima wa ngano bila karatasi. Waliokuwa karibu walidhani nimeibiwa kweli. Wakaacha kula. Nikatembea nao, sentensi ile ndefu ikatembea na mimi, na kitenzi kilipofika mwisho wake mtu mmoja nyuma akasema, "Eh, huyo gavana afungwe." Baba, maneno ya watu waliokufa zamani yalikuwa mdomoni mwangu na watu walikuwa na hasira mpya. Sijui nikuelezeje.

Lakini bado wengi walikuwa kwa Elizabeth. Nikatafuta mtu mkubwa. Alikuwepo mmoja tu, Mkuu wa Kitivo, mtu wa Tanga, mpole, amesimama mstari wa mbele upande wa pili. Nikamwonyesha kidole nikasema, "Wakulima, mnamwona yule? Tai yake ni ndefu kuliko hoja zake. Anafunga madarasa kama duka la mtu aliyechoka kuuza."

Uwanja wote ulihama. Kelele zilifika barabarani. Majina yamefika kumi na tisa.

Kisha nikamwona anaondoka peke yake, ameishika tai yake kwa mkono. Hapo nikakumbuka kwamba yeye si mtu wa Bariadi wala wa Dutwa. Kwetu ukitukanwa uwanjani umeheshimiwa. Yeye amedhalilishwa mbele ya wanafunzi wake. Orodha yetu iko mezani kwake, hajaisaini. Nimeitwa ofisini kwake Ijumaa ijayo. Dakta Januarius anasema kwamba naweza kusimamishwa masomo.

Darasa nimelijaza na pengine nimelifunga mwenyewe. Nifanyeje?

Mwanao,
Evalina


Nkoma,
20 Mei 2025
(ujumbe wa simu, umeandikwa na Boniventura)

Evalina, barua yako imefika jana na basi, baba yako anasema yake itachelewa. Anasema kosa si kutukana, kosa ni kuondoka uwanjani kabla hujampa mwenzio zamu. Aliyetukanwa ana haki ya kujibu, mbele ya watu wale wale, na aliyemtukana anasimama anasikiliza bila kujibu neno. Nenda kamwombe radhi ya kweli, kisha mpe zamu yake. Mwambie aliyekufundisha ni baba yako, kama anataka kutukana atukane huku. Anasema hajala tangu jana. Mimi Boniventura nasema usiogope.

Baba, Masunga


Morogoro,
8 Juni 2025

Baba,

Natumai sasa umekula.

Nilikwenda. Niliomba radhi nikiwa nimepiga magoti, wala sikuigiza, kwa sababu ule mkono wake kwenye tai ulikuwa umenikaa moyoni. Nikamweleza habari zako na pamba yako, za ngoma na za zamu. Akauliza, "Huyo baba yako, anasubiri jibu kweli?" Nikasema ndiyo, na kwamba hali chakula. Akasema nimpe muda.

Jumatano mchana alikuja bwaloni. Amevaa tai ile ile. Akagonga meza kwa kijiko, wanafunzi wakanyamaza, na kwa sauti ya watu wa Tanga, taratibu, akakuimba wewe:

Baba uliyemzaa, huyu mwenye domo pana,
Pamba yako imejaa, adabu hukuivuna,
Mwache hapa atakaa, tumfundishe kunena.

Bwalo lilipasuka kwa vicheko. Mimi nilisimama kimya kama ulivyoagiza, ila machozi sikuweza kuyazuia, kwa sababu nilikuwa nimesikia mstari wa tatu. Kisha akatoa orodha mfukoni, ameshaisaini, akampa Dakta Januarius. Dakta Januarius alicheka, baba. Ana pengo.

Nabaki na Kilatini changu.

Mwanao,
Evalina


Nkoma,
20 Juni 2025

Ng'wana wane,

Mwadila. Tuko wazima wote na pamba imeanza kupimwa.

Matusi yangu nimeyapokea. Nimeyasoma mezani kwa mama yako, nimeyasoma kwa shangazi yako, nimeyasoma kwenye mizani watu wakiwa na marobota yao kichwani. Boniventura ameyashika kwa moyo na anayaimba akiwa kwenye baiskeli. Miaka yote niliyoongoza ngoma, hakuna aliyenitukana vizuri namna hii. Nimelia kidogo, lakini ni furaha.

Sasa zamu ni yangu. Kwa Kiswahili mtu wa Tanga siwezi kumshinda. Kwa Kisukuma hataelewa, na hapo hakuna wa kumfasiria. Kwa hiyo nimejibu hapa chini kwa maneno ya kawaida, nawe uyageuze Kilatini, kile kigumu, cha kitenzi kukaa mwisho, umsomee mbele ya watu. Akae ashike watu wote mkononi asijue kama nampiga au namkumbatia. Hii ndiyo kazi yako ya kwanza ya mwaka wa tatu, na mwalimu ni mimi:

"Mtu wa Tanga, sauti yako imefika mpaka Nkoma na imenikuta shambani. Mwanangu mwenye domo pana, ambaye mimi mwenyewe nilitaka kumtoa huko, kwa matusi umempokea."

Usinipunguzie neno.

Baba yako,
Masunga