Niliona Haya Kupima Maji

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo mjomba atanikabidhi ufunguo. Nimemaliza shule mwaka huu, leseni ninayo, na mjomba, ambaye ni dereva wa gari la zahanati linalopeleka chanjo kule barabara inakoishia, amekuwa akinifundisha kuendesha kwenye matope, mchanga na mawe, kwa sababu mgongo wake umechoka na daktari wa zahanati amekubali nichukue nafasi yake. Mjomba ana sheria moja asiyoilegeza, kwamba ukifika kwenye maji unazima gari, unashuka, unakunja nguo na kuvuka kwa miguu ukipima kwa fimbo, ndipo unarudi kulifuata gari.

Jumanne mgongo ulimlaza, nikaenda na muuguzi, sisi wawili tu, na mtoni tukakuta vijana wanaosha pikipiki, na mimi, mshauri, mbele za watu hata kupiga chafya naona haya, basi mmoja akauliza kwa sauti kama siku hizi zahanati inatuma watoto wa shule, wenzake wakacheka, nikaona nikishuka kukunja sketi watacheka mpaka kesho, nikaingia tu na gari, tena kwa kasi ili yaishe haraka, maji yakarukia kioo, tukatumbukia shimoni, maji yakatufika miguuni humo ndani, muuguzi akakumbatia sanduku la chanjo kama mtoto mchanga, sikuthubutu kugusa klachi injini isije ikazima, na gari likapanda ng'ambo likikohoa. Tulikuwa wazima na chanjo hazikulowa. Muuguzi hakunigombeza, alikamua soksi zake akasema mimi mwenyewe ndiye wa kuitoa siri hii. Jioni mjomba alilikuta gari linang'aa, akasema, "Umeliosha mpaka chini? Sasa naweza kulala." Nikamtakia usiku mwema. Je, nimwambie niikose kazi, au niache kwa kuwa yameisha salama?

Mwanafunzi wa Usukani

Binti yangu, pole, na hongera kwa kutoka.

Barua yako sikuingojesha zamu yake. Mimi kazi yangu ni mambo ya moyo, lakini mume wangu ni fundi, naye aliposikia maji yalifika miguuni aliacha kijiko mezani. Alisema huenda yameingia kwenye difu, kile kisanduku cha gia kilicho katikati ya magurudumu, na oili yenye maji husaga meno ya gia polepole mpaka gari ligome porini. Ndiyo maana nilikupigia simu papo hapo, nikakuamuru umwambie mjomba kabla hajaliwasha tena.

Umeniruhusu niwasimulie wasomaji yaliyofuata. Mlifungua difu, oili ikatoka nyeupe kama maziwa. Mjomba aliiacha imwagike yote, kisha akasema, "Ungenificha, Jumatatu lingekufia na muuguzi ndani." Ufunguo hakukunyima. Uliponieleza ulikuwa unacheka na kulia kwa pamoja, nami huku nilishusha pumzi.

Sasa nikugombeze kidogo. Haya ni nzuri mahali pake, lakini yako ilitaka kumzamisha mtu. Muuguzi alipanda gari lako, hakupanda pikipiki za wale vijana. Na kuingia majini mbio si ushujaa, ni kufumba macho.

Jumatatu vaa suruali inayokunjika. Shuka, pima. Maji yakipita magoti, geuza gari, chanjo zitafika kesho. Yakiwa chini ya hapo, ingia na gia ya kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea, usibadili gia katikati, na ukishatoka kanyaga breki mara mbili tatu zikauke kabla hujateremka kilima. Na wale vijana ukiwakuta, wasalimie kwanza, halafu waulize shimo liko upande gani. Wanaosha pikipiki hapo kila siku, wanalijua kuliko mjomba wako.