Kipimo cha Mimba, na Swali la Najat

Mpendwa Dada Atupele, nisaidie kufikiri, peke yangu nimeshindwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu, mume wangu Hashimu anauza vitenge sokoni, na binti yetu Najat, miaka tisa, ana selimundu, baridi ya Juni ikimkamata mifupa inamuuma mpaka anang'ata kanga ili nisimsikie, na sasa nina mimba ya wiki kumi na nne, daktari ametueleza kwamba sote wawili tumebeba ugonjwa huo kwenye damu, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata, na kwamba kipo kipimo cha kuchota maji ya mfuko wa uzazi, ila ni mpaka Dar es Salaam na mara chache mimba hutoka. Hashimu anasema, "Safari hii nataka kujua mapema," lakini nikimuuliza tukishajua tutafanya nini, anaanza kukunja vitenge vyake, nami nikisema tumwachie Mungu ananiambia, "Anayemshika Najat akidungwa sindano ni mimi," kisha anaomba toba. Wiki iliyopita tulibishana jikoni, kumbe Najat yuko mlangoni, akauliza, "Mama, mngenipima mimi, ningezaliwa?" Hashimu akatoka nje, mimi nikajifanya nageuza ndizi, na mpaka leo hatujamjibu.

Yusra, Tukuyu

Ndaga, asante kwa barua, mdogo wangu Yusra, na pole. Lakini nikuseme kidogo. Mnagombania kipimo, wakati kinachowatisha ni swali ambalo mumeo analikimbia. Kipimo kitawapa jibu, uamuzi utabaki kwenu. Kama jibu lolote halibadilishi mtakachofanya, ya nini kuihatarisha mimba? Mtoto atapimwa damu akishazaliwa na atatibiwa mapema. Kama kuna jambo jingine Hashimu analifikiria, alitamke mbele ya daktari, aelezwe sheria inasemaje, na muulizeni pia shehe mnayemwamini. Wewe nawe usijifiche nyuma ya Mungu. Mwenzako anaogopa, na ana sababu. Nendeni kliniki wiki hii, wote wawili, maana kipimo hicho kina wiki zake.

Ila hiyo safari ya kliniki ni ya pili, ya kwanza ni Najat. Wiki nzima ya kimya ni ndefu mno kwa mtoto. Leo akirudi shule mkalisheni, Hashimu asitoke, mwambieni mnauogopa ugonjwa, yeye hamjawahi kumjutia. Akiwauliza tena, mjibuni tena. Mkiona hamwezi kumwambia hivyo mkimtazama usoni, hamjawa tayari kupima mtoto mwingine.