Chungu Hakipungui

Gitega, Mushasha

Dada yangu Gaudensia wa Giteranyi,

Huku tunacheka tu. Unajua pombe ya mtama ilinilaza hospitali Pasaka, juu ya huu ugonjwa wetu wa sukari. Sasa juzi wamekuja kumposa Vumilia wangu. Mi na Sebastiani, baba wa kijana, tukawekewa chungu kimoja, mirija miwili. Nikikataa, ni kama nimekataa ndoa. Basi nikaingiza mrija, nikabonyeza mashavu, sinywi kitu.

Sebastiani akaninong'oneza, "Mama Vumilia, mbona chungu hakipungui?"

"Uliza mrija wako, mkwe."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Na mi niko na sukari."

Tukaomba maji mbele ya wote, na posa imepita. Harusi iko Agosti. We usijifiche nyumbani tena, njoo tunywe maji na mkwe.

Ni mi, Emerensiana