Kufuli la Baiskeli na Mama Mkwe

Kulesa, Jumatano jioni. Mvua imepumzika tangu asubuhi lakini mto bado umejaa, na matope yamefika hadi kizingiti cha mlango wetu. Nguo zangu ziko kambani, zinanuka mto. Mimi ni mzima. Naliandika hilo kwanza, maana leo kuna wakati sikuwa na hakika nalo.

Nianze na kufuli.

Tangu baiskeli ya karani mmoja iibwe mbele ya maduka ya Garsen, siendi kazini bila mnyororo na kufuli. Mimi ni fundi cherehani. Nikishainamia mashine siwezi kulinda kitu kilicho nje. Kufunga baiskeli si shida. Shida ni kulibeba hilo kufuli njiani. Nililitundika kwenye usukani, likanigonga magoti mpaka nikachechemea. Nikalifunga kwenye keria, likaanguka vichakani, nikarudi nusu ya njia kulitafuta. Nikauvaa mnyororo shingoni kama mkufu. Barisa, mfugaji wa Kiorma ninayemshonea kanzu, aliniona nao akacheka mpaka akaegemea fimbo yake.

"Sisi twafunga ndama shingoni," akasema. "Wewe wajifunga mwenyewe?"

Basi nikauhamishia kiunoni. Nauzungusha juu ya suruali, kisha naubana kwa kufuli lenyewe ili usiteleze. Funguo ziko mbili: mmoja nimeuacha dukani Garsen, mwingine anao mke wangu Maria, maana mfukoni mwangu ufunguo haukai. Niliona nimepata akili kuliko watu wote wenye baiskeli.

Leo alfajiri Maria alishikwa na uchungu. Ni mimba yetu ya kwanza. Mkunga alifika mapema, lakini Maria alikuwa na neno moja tu: "Niitie mama."

Mama yake anakaa ng'ambo ya mto, na kutoka ukingoni hadi kwake ni mwendo mrefu wa njia ya mashamba. Nikajifunga mnyororo kwa mazoea, nikaivusha baiskeli kwa mtumbwi, nikakanyaga pedali kama ninayefukuzwa.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Tangu nimwoe Maria sijawahi kumtazama mama yake usoni sawasawa. Nilimpa habari huku nikiangalia chini. Hakuuliza mara mbili. Alijitanda leso akatangulia. Kupanda keria hakutaka, nami sikuthubutu kumsihi. Alitembea mbele, mimi nasukuma baiskeli nyuma yake, nahema ili nisiachwe.

Ukingoni aliuchukua yeye mwenyewe upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi. Nilikaa mbele nimeishika baiskeli. Tulikuwa tunakaribia kufika, ndipo gogo lililokuwa likija na maji likatugonga ubavuni. Baiskeli ikaniegemea, nikaanguka mtoni.

Najua kuogelea. Nani aliyekulia kwenye mto huu asijue? Lakini suruali ilijaa maji, mnyororo ukanivuta kiunoni, na mkondo ukanigeuza nisijue juu wala chini. Nililipapasa lile kufuli kama kichaa. Halikufunguka. Lingefungukaje?

Nikamwaza Maria. Nikawaza mamba.

Kisha kitu kikanikamata mgongoni. Mama mkwe alikuwa amejitosa, ameupata mnyororo kwa nyuma, ananivuta nao kama ndoo ya kisimani.

"Shika matete!" alipiga kelele. "Usinishike mimi, shika matete!"

Nikayashika. Akanisukuma hadi kwenye tope, halafu akarudi majini akaudaka mtumbwi kabla haujaenda zake na baiskeli. Mwanamke mwenye mvi! Aliporudi alisimama mbele yangu, maji yakimchuruzika.

"Nani amekufunga kama ng'ombe?"

"Nimejifunga mwenyewe, mama."

"Na ufunguo?"

"Anao Maria."

Alinikazia macho. Kisha akacheka, kicheko kirefu ambacho sikujua kama anacho. "Basi twende upesi," akasema. "Leo Maria ana kazi mbili. Ajifungue yeye, akufungue na wewe."

Tulimkuta bado anahangaika. Mama aliingia ndani akiwa amelowa vilevile. Baadaye mkunga alitoka na ufunguo mkononi, akanipa. Nilijifungua mnyororo nyuma ya nyumba, peke yangu. Jua lilikuwa halijapinda sana niliposikia mtoto akilia.

Ni binti.

Tangu hapo sijaacha kumfikiria mama mkwe. Nguvu zake zinanishangaza, lakini zaidi nashangaa kwamba hakusita. Adabu ya miaka yote aliivua kwa pumzi moja, na tulipofika nyumbani akaivaa tena kama leso kavu. Mimi ningeweza? Ingekuwa yeye majini na mimi mtumbwini, ningemshika, au ningekaa nikitafuta pa kuweka macho?

Napenda kuamini ningemshika.

Nimekata turubai lililobaki kwenye kazi ya mwezi uliopita. Nitashona mfuko wenye mikanda, niufunge chini ya kiti cha baiskeli, kufuli likae humo na mnyororo wake. Fundi cherehani mzima, na jambo hilo halikunijia mpaka nilipokunywa nusu ya mto.

Lakini mtu humshukuruje mama mkwe kwa kumwokoa? Nilichemsha chai, nikaiweka mlangoni, nikabisha, nikasogea kando. Mkono ukatoka, ukakichukua kikombe. Kisha nikamsikia akisema na Maria, kwa sauti ya kutosha kufika nje:

"Mwambie baba mtoto, sukari haitoshi."

Sijawahi kukimbilia sukari kwa furaha namna ile.