Mtaalamu wa GPS kapotea Dindira

Ikram, usicheke. Nimepotea msituni Dindira, GPS ikiwa mkononi. MKONONI!

Saa nzima inaandika tu "inatafuta setilaiti". Na mimi huyo chini ya miti minene, natembea huku naitikisa kama redio yenye betri mbovu.

Leboo, yule mfugaji wa Handeni aliyenibebea mizigo, akaniuliza kwa upole: "Mzee, ng'ombe akipotea, wewe unamtafutia kichakani, au unapanda mahali pa wazi umwone?"

Kichakani, Ikram!

Akanipandisha kwenye mwamba ulio wazi. "Simama hapa. Tulia." Nikatulia. Dakika mbili, setilaiti saba! Kumbe gari letu lilikuwa mita themanini tu, nyuma ya ukungu.

Kesho ndiyo nafundisha semina ya GPS pale Korogwe. Leboo anasema atakuja akae mbele, nisije nikakwama.