Nilimpa Mkono

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na kwamba kikohozi chake kimepona. Sisi huku ni wazima, ila mama bado anagombana na paa linalovuja. Barua yako niliipata juzi. Umeandika kwamba unajivunia mdogo wako aliyemwangusha mwizi, na kwamba nastahili ukapteni wa timu ya judo ambao kocha atautangaza mwisho wa mwezi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeona aibu. Leo nitakueleza yote, bila kuficha.

Siku ile nilipotoka shule nilipitia kwa shangazi, kwenye chumba chake cha kushonea kule ghorofa ya pili. Saa kumi tulifunga, yeye na mkoba wake begani, mimi na furushi la sare alizomaliza kushona. Kwenye kona ya ngazi alisimama mwanamume mmoja. Tulipomfikia alimkamata shangazi mkono, akavuta mkoba. Nikaliachia furushi, nikamshika ukosi, nikaingiza nyonga kama ulivyonifundisha. Kaka, alipaa! Alianguka chali, puu! Kwenye mashindano refa angemaliza mchezo papo hapo.

Nami nikafanya kana kwamba refa ameumaliza. Nilinyoosha shati langu, nikainama, nikampa mkono ili nimwinue.

Usicheke. Miaka minne pale klabuni kila ninayemwangusha nampa mkono. Mwili wangu haukuniuliza. Akaushika kweli, akanivuta, na mkono wake wa pili ukatoka mfukoni na kisu.

Hapo ndipo nilipomwona shangazi yetu, yule tunayemtania kwamba hakimbii hata mvua. Aliokota furushi akamtupia usoni, akanishika kola, akanishusha ngazi zote mbio huku akipiga kelele, "Moto! Moto jamani!" Mkoba hakuutazama tena. Milango ikafunguka, watu wakatoka na ndoo, na yule mtu akatorokea mlango wa nyuma na ule mkoba. Baadaye nilimwuliza moto ulikuwa wapi. Akasema ukiita mwizi watu hujifungia ndani, ukiita moto wanatoka wenyewe. Nikamwambia simu yake iliyokuwa mkobani ndiyo imekwenda hivyo. Akanijibu kwamba simu zinauzwa dukani, wapwa hawauzwi.

Fundi viatu wa pale chini alisikia kishindo tu, akatangaza mtaa mzima kwamba nimempiga mwizi. Shangazi hakumkosoa. Alisema mtoto naye aonje sifa kidogo.

Kaka, hapo juu nimeruka jambo. Kabla hatujaanza kushuka, shangazi alikuwa ameshamwona. Aliniambia polepole turudi ndani tusubiri, kwa sababu yule mtu hakuwa na anachokingojea pale. Nikacheka. Nikamwambia, "Shangazi, nina mkanda wa kijani mimi," nikatangulia. Alinifuata kwa kuwa hakutaka nishuke peke yangu. Mkono wake bado una alama za kucha, na hajamwambia mtu, hata mama.

Naupenda mchezo wangu kama zamani. Lakini kwenye mkeka naambiwa lini nianze na lini niache. Shangazi alikuwa ameanza tangu juu kabisa ya ngazi, na hakuacha mpaka tulipofika nyumbani akakomea mlango. Ndipo akakaa chini, akaniomba maji. Sijawahi kumheshimu mtu namna ile.

Nitamweleza kocha kabla hajatangaza. Ukapteni akitaka ampe mwingine. Naogopa tu kwa kuwa husema mchezaji wa kweli hakimbii.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye anakusalimu, na anamwomba wifi alete vipimo vya gauni. Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza, maana jibu lako nitakwenda nalo kwa kocha: ungekuwa wewe pale ngazini, na mkanda wako mweusi, ungekimbia?

Mdogo wako akupendaye,
Kiduchu